Doa la Nili Chini ya Mkia wa Ndege

Jambo lote liligharimu ndege tano zilizopigwa msasa mpaka mti ukaonekana, dhiraa nne za melimeli, makasi mawili yaliyokufa kwa gundi, na jina la mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili. Makasi nilishayasamehe. Ndege zilipakwa upya. Jina ndilo halijarudi mpaka leo, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu, mimi mwanamke ninayekaribia miaka themanini, badala ya kuwa jikoni nikimgombeza mtu.

Nyinyi wa chama cha ndege za mfano pale Buxton mlikuja kwangu Jumamosi iliyopita. Mlikuwa wanne. Mlivua viatu mlangoni, mkaniamkia vizuri, mkanywa chai, mkala mahamri kumi na moja. Adabu sina la kuwalaumu. Kisha mkafungua sanduku mkatoa ndege ya mti, nyeupe, yenye ukanda mwekundu ubavuni, nami nikaijua kabla haijatoka yote kwenye karatasi. Mkaniambia mmeipata kwenye ghala la ofisi iliyofungwa na mnataka kuiweka kwenye kabati la kioo. Kibao chake mlikuwa mmeshakiandika, kwa herufi nzuri kabisa: Kazi ya Fundi Athmani, Mkono wa Bikari, bikari ile ya kuchorea duara. Mkaniuliza, kwa kuwa mimi nimekulia nyumbani kwake, aliwezaje kuchora mstari ule kwa mkono mtupu juu ya kitu cha mviringo. Na yule mwenye miwani akaigeuza, akaona doa la buluu chini ya mkia, akasema, "Hili bibi usijali, tutalipiga msasa."

Niliwaambia kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikitoka mdomoni huharibu hata haki yake. Ya kuandika inakaa vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni. Hakukuwa na mkono mtupu.

Fundi Athmani alikuwa mume wa khalati yangu Salima, mdogo wake mama. Mama alipofariki nilihamia kwao Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa: karakana chini, sisi juu, na ngazi katikati iliyopitisha kila neno kama simu. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu hivi, mimi kumi na tisa. Athmani alijua kuchonga, hilo simnyimi; kipande cha mvule akikishika asubuhi, magharibi kina mabawa. Na kwa kuandika mbao za maduka hakuwa na mwenziwe. Lakini ubao wa duka umelala bapa. Ndege tumbo lake ni mtungi, pua yake ni yai, na mkiani inanywea kama karoti. Aliyezoea bapa akikutana na mviringo hurudi kuwa mwanagenzi, awe na mvi au asiwe nazo.

Kampuni moja ya ndege ilitaka ndege kumi na mbili za kuweka kwenye madirisha ya ofisi zake za tiketi. Kila moja urefu wa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nyeupe, na ukanda mwekundu unaoanzia puani, unapita ubavuni, unapanda mkiani. Ukanda uwe mkali ukingoni kama uliokatwa kwa wembe. Athmani akakubali kwa siku arubaini. Mimi ningeomba sitini nikapewa hamsini, lakini sikuulizwa.

Alianza na selotepu. Utepe ulionyooka hautaki kupinda: ukiulaza ukingo wa juu, wa chini unasimama mikunjo mikunjo kama shingo ya kobe, na rangi inapita chini ya kila kunjo. Alipoubandua, ukaondoka na rangi nyeupe ya chini. Akajaribu gazeti kwa gundi ya unga. Gazeti likakauka, likang'ang'ania, na ubavuni mwa ndege ukaweza kusoma bei za kopra kinyumenyume. Akajaribu nta ya mshumaa. Palipopita nta rangi haikushika, na nta ilipita kila mahali. Ndipo akajaribu huo mkono mtupu mnaouuliza. Mstari ukatoka kama mwendo wa mtu aliyekula sahani mbili za biriani harusini na bado anatafuta viatu vyake.

Akapanda ngazi na ile ndege ameifunga kwenye kikoi kama mtoto mgonjwa.

"Salima, hebu nishikie hapa puani. Mikono yangu haitoshi."

Khalati alikuwa anashona kanzu ya mtu. Hakuacha sindano mara moja. Alimaliza uzi, akaukata kwa meno, kisha akaishika ndege, akapitisha kidole gumba puani.

"Hii shingo," akasema.

"Shingo gani? Hii pua, mke wangu."

"Kwako wewe pua. Kanzu wavaa kila Ijumaa. Hujapata kujiuliza mbona shingo yake yalala, haina kunjo hata moja?"

"Kwani nimeoa mwalimu?"

"Umeoa fundi. Kaa kitako."

Akakaa. Khalati akatwaa kipande cha melimeli, ile nguo nyepesi unayoona vidole vyako ukiipitisha mkono chini. Akakata utepe kufuata uzi, akaulaza puani. Ukafanya kobe, vile vile kama selotepu. Akautupa. Akakunja nguo pembe kwa pembe, akakata mwingine kimshazari, akauvuta kidogo, akaulaza. Ukazunguka pua yote, ukatulia, mkunjo hakuna.

"Nguo ukiikata sawa na uzi ni askari, yaenda mbele tu," akasema. "Ukiikata mshazari ni mtu wa mjini. Yapita popote."

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi mnayoiita ya Athmani. Ghorofani, mkekani, kwenye magoti ya mwanamke aliyekuwa na kanzu tatu za watu hazijamalizika.

Nawapa na namna yenyewe, maana mliiomba kwa adabu. Msije mkasema nimewapigia kelele nikawanyima kazi.

Kwanza mstari wenyewe. Msiutafute kwa jicho. Jicho likitazama mviringo hudanganya, na la kushoto hudanganya kuliko la kulia. Tuliiweka ndege juu ya kibao kipana cha kusukumia chapati, tukaikaza kwa vipande vya udongo isitikisike. Penseli tukaifunga kwenye kopo la maziwa kwa uzi, ncha yake ikitazama ndege, kisha tukalisukuma kopo juu ya kibao kuizunguka ndege yote. Kopo halipandi wala halishuki, kwa hiyo mstari haupandi wala haushuki. Halafu unapima toka kibaoni mpaka mstari, upande wa kulia na wa kushoto, mara mbili. Mara ya kwanza unapima ndege, ya pili unajipima wewe. Nilishakuta tofauti ya punje ya ufuta, na khalati akaniambia nifute.

Pili, utepe. Mwembamba, upana wa ukucha wa mtoto, haufiki robo inchi. Ukiwa mpana hata mshazari unachoka. Huo mwembamba ndio unaolinda ukingo tu. Sehemu nyingine yote funika karatasi, karatasi haina haja ya akili.

Tatu, gundi. Tulitumia ile inayotoka kwenye mti wa mgunga, iliyolowekwa majini mpaka iwe kama asali. Rangi yetu ilikuwa ya mafuta, gundi ni ya maji, haziingiliani. Ndiyo maana ukimaliza unalowesha utepe kwa sifongo na unaachia wenyewe, haung'oi rangi ya chini.

La nne ni langu mimi, na nalisema kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Kabla ya rangi nyekundu, pitisha nyeupe ile ile ya chini juu ya ukingo wa utepe. Kama pana tundu, kitakachovuja ni cheupe juu ya cheupe, na tundu limeziba. Nyekundu ikija inakuta mlango umefungwa. Khalati aliponiona nafanya hivyo alisema, "Ewaa." Kwa Salima neno hilo lilikuwa shahada.

Na rangi mbili nyepesi, si moja nzito, la sivyo mnabaki na kingo ukipitisha kidole. Bandua ikiwa bado laini kidogo, ukiurudisha utepe juu ya mgongo wake mwenyewe. Ukiuvuta kuelekea juu umejitakia.

Leo mna utepe wa plastiki unaopinda kama mjusi, na ile dawa mnayopaka kama maziwa ikikauka mnaimenya. Mlinionyesha. Nzuri sana, sina wivu nayo. Nina wivu na wakati tu.

Melimeli nilikuwa nainunua mimi kule kwenye maduka ya leso, Biashara Street. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kigujarati aliyekuwa na vipande vya mwisho wa jora, akavipima dhiraa nne. Nikapima mimi, ikawa tatu na nusu.

"Mkono wako mrefu, binti," akaniambia.

"Basi wauzie wenye mkono mfupi. Mimi nipe nilizolipia."

Akacheka akaongeza kipande. Nikapima tena. Zikatimia nne, na kitambaa cha leso juu, cha ulimi wangu.

Sasa kosa. Kosa lilikuwa langu, silikani.

Melimeli ni laini mno kukata. Mkasi unaisukuma, nyuzi zinachanika. Khalati alikuwa na subira ya kuikata hivyo hivyo. Mimi sikuwa nayo. Siku moja nikaona beseni la maji ya kanji, yale ya kukazia kanzu, yamebaki baada ya kufua nguo za Ijumaa. Nikajiambia: nguo ikikazwa itakatika kama karatasi. Nikaichovya. Ikakauka, ikakatika kwa raha, nikafunika ndege sita kwa siku mbili. Khalati akanisifu. Athmani akapaka rangi zake mbili. Tulipolowesha sifongo tubandue, ikaanza kutoka buluu.

Nyinyi hamfui kanzu, mnapeleka kwa dobi, kwa hiyo nawaeleza. Kanzu nyeupe haiwi nyeupe kwa sabuni peke yake. Maji yake ya mwisho hutiwa nili, ile ya kufulia, kidogo, ili weupe ung'ae usiwe wa manjano. Nili ilikuwamo kwenye kanji. Kwenye kanzu huioni. Kwenye rangi nyeupe isiyong'aa, iliyofyonza maji kama mkate, uliona vizuri sana. Ndege tano kati ya sita zilikuwa na ukanda mwekundu safi wenye kivuli cha buluu kila upande, kama mtu aliyepigwa ngumi.

Hebu mjiulize hapo. Mlikuwa na ndege nyeupe na nyekundu mkononi, hakuna rangi ya tatu, na chini ya mkia mna buluu. Wanne wazima, mna miwani, mna simu za kukuza picha. Hakuna aliyeuliza buluu imetoka wapi. Mliuliza juu ya mkono.

Nilipoona buluu ile nililia. Khalati hakunigombeza. Alisema, "Nili hata mimi niliisahau," jambo ambalo halikuwa kweli, maana hakujua kama nimechovya. Alijitwisha nusu ya kosa lisilokuwa lake. Shikeni hilo, kwa sababu linalofuata ndilo linaloniumiza.

Siku ile ile karani wa kampuni akaja kutazama kazi imefika wapi. Mtu wa suti, mwembamba, mwenye kitambaa cha jasho. Sisi tulikuwa juu ya ngazi. Tukamsikia anauliza, "Fundi, hii buluu ndiyo nini?"

Na Athmani, ambaye ndiye bwana wa karakana, ambaye aliyapokea maagizo kwa mkono wake, akajibu, "Ah, haya ni ya wanawake wa ndani. Niliwaachia kidogo, ona walivyoharibu."

Khalati akasimama. Hakushuka, hakuwa mtu wa kushuka mbele ya mgeni. Akaita kutoka juu, sauti ya kawaida kabisa:

"Athmani! Muonyeshe mgeni na shingo ya kanzu uliyovaa. Hiyo pia ni ya wanawake wa ndani."

Karani akakohoa, akatoa siku kumi zaidi, akaenda zake.

Ndege tano zikapigwa msasa mpaka mti. Ya sita nili ilikuwa imetoka mahali pamoja tu, chini ya mkia, upana wa utepe, na ukitazama kwa karibu utaona alama ya nyuzi za melimeli zimekwenda mshazari. Athmani akaiwekea msasa. Khalati akamshika mkono.

"Iache hiyo. Nani ataitazama chini?"

"Mimi najua ipo."

"Nami najua ipo," akasema khalati. "Ndiyo nataka iwepo."

Athmani akadhani ni uvivu wa msasa. Akapitisha vanishi juu yake. Mimi nilikuwa nimeshika sifongo pembeni, nami sikuelewa siku ile. Nimeelewa Jumamosi iliyopita, nikimtazama yule mwenye miwani akilisugua kwa ukucha: doa lile ndilo sahihi yake khalati.

Tukazifunika kumi na moja zilizobaki, zile tano toka mwanzo, melimeli safi isiyopita karibu na beseni. Khalati alikata, mimi nikalaza na kuziba kingo, Athmani akapaka. Kazi ya kupaka ikishafunikwa vile, wallahi, hata nyinyi mngeipaka, hata mahamri yangu yangeipaka. Karani akaja siku ya mwisho. Tulikuwa pale pale juu ya ngazi. Akatembeza kidole puani, kidole hakikukwama popote. Akatembeza tena.

"Mashallah. Fundi, umetumia nini hapa?"

Nilimtazama khalati. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa jina darasani.

Athmani akanyanyua mkono wake wa kulia, akaonyesha vidole vitano.

"Huu," akasema.

"Basi una mkono wa bikari!" akasema karani, na jina likatoka nje ya mlango pamoja naye, likazunguka Mji wa Kale kabla ya alasiri. Zilipoharibika sita zilikuwa zetu. Zilipotoka kumi na mbili zilikuwa zake.

Nilitaka kushuka. Nawaambia ukweli, nilikuwa na neno limefika menoni. Khalati akanishika upindo wa nguo. "Rukia, kaa," akasema. "Wala kwake, walala kwake." Na nikakaa. Nilikuwa nikila kwa Athmani, nikilala kwa Athmani, nikamhesabia sahani zangu na neno langu, nikaona sahani ni nyingi. Kwa hiyo hasira hii siwatupii nyinyi peke yenu. Fungu langu nimeshajitengea.

Athmani hakuwa mtu mbaya. Ndilo linalonichosha zaidi. Angekuwa mbaya ningemsahau. Wiki ile alimletea khalati mkasi mpya, wa chuma kizuri, umefungwa karatasi ya rangi. Akampa mbele yangu, akatabasamu. Mkasi! Khalati akasema ahsante, akaukata uzi mmoja kuujaribu, akasema unakata. Kwa miaka tisa baada ya hapo akakata kwa mkasi ule: ndege za makampuni mengine, meli za mfano, dunia moja ya mti ya ofisi ya bima iliyotutesa kwa sababu ni mviringo kila upande. Watu walikuja karakanani kutazama Mkono wa Bikari ukifanya kazi, na Athmani akawaambia hafanyi mbele za watu. Ni kweli alisema. Kazi yenyewe haikuwa pale.

Salima alifariki mkasi ukiwa kwenye kikapu chake. Watu wa mtaani walimkumbuka kuwa alikuwa mshonaji wa kanzu na mke wa fundi. Athmani alilia sana. Hata mauti hayakumtoa neno.

Mimi niliendelea na kazi miaka mingine mingi, kwa mkono wangu na kwa jina langu, nikaishi nayo. Mtu akiniuliza nilijifunza kwa nani nilikuwa nasema "kwa nyumba ya Athmani," kwa sababu ni fupi. Hilo nalo lihesabuni. Mara ya kwanza alinyamaza yeye, mara ya pili nilinyamaza mimi.

Sasa hesabu yangu na yenu. Mmepewa mshazari, kibao na kopo, gundi ya mgunga, ukingo wa nyeupe. Mmepewa na kosa la nili, ambalo lina thamani kuliko yote kwa kuwa hamtalirudia. Bila mkasi hata mmoja kuwafia. Nami nataka malipo.

Bei yangu ya kwanza: kibao kile kivunjwe, kiandikwe kipya, majina matatu, Salima, Rukia na Athmani, kwa mpangilio huo huo. Na chini ya ndege mtie kioo cha kujitazamia, atakayekuja alione doa bila kuigeuza.

Mnaweza kunibana, mimi pia nimewabana watu. Kama kioo ni ghali, kitoeni. Kama kibao ni kidogo, jina langu litoeni. Nina sauti bado, nitajisemea. Mkitaka Athmani abaki mwanzo kwa sababu ndiye aliyechonga, nitanung'unika kisha nitakubali. Lakini jina la Salima halishuki, na doa lile haliguswi hata kwa ukucha. Hapo ndipo bei yangu ilipogota.

Kwa hiyo wekeni msasa chini kwanza, kisha mje tuzungumze. Mahamri yatakuwapo. Mara hii nitayahesabu.